Mwenye Gari Kafika

Fundi seremala alikuwa amempiga marufuku mtu mmoja tu duniani kugusa gari lake, na mtu huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Siku hii ninayoisimulia, mdogo huyo ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuficha. Aliyefichwa alikuwa Fundi, na katika kufichwa kwake huko ndiko mtu alikopotelea.

Mdogo mtu mtaani walimwita Twiga, kwa urefu. Akiingia kwenye gari dogo magoti yanakaribia masikio, unamwonea huruma, lakini akishalitia gia gari linatulia. Udereva ndio uliokuwa kazi yake. Ndiye aliyemfundisha hata kaka yake kuendesha, akivumilia matusi ya mwanafunzi aliyemzidi umri na aliyekuwa anakanyaga mafuta kila alipoambiwa akanyage breki.

Gari la kwanza la Fundi liliibwa mchana kweupe, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliingia kununua gundi na misumari, akatoka, akakuta doa la oili pale lilipokuwa limesimama. Hakushtuka, alikasirika. Siku hizo Twiga alikuwa na ufunguo wa akiba na alikuwa na kamchezo kake: akilikuta gari la kaka yake limeegeshwa njiani, analichukua, anamaliza shughuli zake, kisha analirudisha na tangi limejaa na kicheko juu. Basi Fundi akampigia. Simu imezimwa. Akaenda hadi anakopanga, akakuta kufuli mlangoni. Jirani akamkaribisha chai kibarazani, akakaa, akanywa taratibu huku anapanga maneno ya kumkaripia mtoto wa watu. Twiga alipotokea alikuwa anatoka safari na lori la bosi wake, macho mekundu kwa usingizi, mkononi kashika begi tu.

"Kaka, gari gani?" aliuliza.

Kituoni, askari wa zamu alitaka kujua kwa nini taarifa imechelewa hivyo. Fundi akasema alidhani ni mdogo wake. Askari akamgeukia mwenzake, wakaangua kicheko.

"Kwa hiyo wezi wanafungua milango, wewe unapuliza chai?"

Gari halikuonekana tena, hata kioo chake. Kwa kweli, hilo Fundi angeweza kulizoea. Kilichomganda rohoni ni kile kicheko. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, fundi ambaye watu wakubwa wanamwita nyumbani kwao wamwoneshe mahali pa kabati, halafu leo anachekwa na watu wenye bunduki kama mtoto aliyepoteza chenji dukani. Alitoka pale akijiapiza kimoyomoyo kwamba siku nyingine hataulizana na mtu. Atatenda kwanza, maswali yatamkuta mbele.

Mtaani nako hawakulala. Ikavumishwa kwamba Twiga ndiye aliyelichonga dili, kwamba ile simu ilizimwa makusudi, kwamba lori lilikuwa kisingizio. Fundi hakusema hivyo hata mara moja. Lakini hakukanusha pia. Akiulizwa alikuwa anavuta pumzi, anatazama pembeni, anasema, "Mambo ya familia hayo, tuyaache." Ukitaka kumwua mtu jina, hutapata njia nyepesi kuliko hiyo. Twiga akarudisha ufunguo wa akiba bila kuombwa, akauweka mezani mbele ya mama yao, na tangu hapo ndugu wale wawili wakawa wanamtembelea mama kwa zamu, huyu akitoka ndipo yule anaingia. Mama alikuwa anapika kwa ajili ya watu wawili, anakula na mmoja.

Gari la pili lilikuwa jeupe, kuukuu, la milango mitano, na Fundi alilichunga utadhani ni bwana harusi. Usukani aliufunga chuma. Namba za gari alizichonga kwenye kila kioo. Geti la nyumbani alilitengeneza mwenyewe, la mbao nzito lenye komeo ndani na komeo nje, mpaka mkewe akalalamika kwamba siku nyumba ikiungua watakufa wanatafuta funguo. Kazini hakwenda nalo, kwa kuwa karakana ilikuwa mwendo mfupi kwa miguu na barabara yake ilikuwa na sifa mbaya. Gari lilishinda uani limefunikwa turubai, likitoka siku ya kupeleka samani kwa mteja au siku ya ibada.

Na bado hakulala usingizi. Ndipo akaenda kwa muuza vifaa mmoja mjini, akafungiwa kidude chini ya dashibodi, kidogo mfano wa kiberiti, chenye laini yake ya simu. Gari likiwashwa, kidude kinatuma ujumbe. Likitembea, kinatuma ujumbe mwingine, na ukitaka unaliona kwenye ramani ya simu, linakwenda lenyewe kama sisimizi. Ukituma neno ZIMA, injini inakata, milango inajifunga, na king'ora kinalia mpaka utume neno WASHA.

"Ila mzee," muuza vifaa alimwambia akimalizia kukaza skrubu, "kabla hujalizima, hakikisha kwanza. Wapo waliowazimia wake zao njia panda."

"Kuhakikisha ndiko kulikoniponza," Fundi alijibu.

Hakumweleza mtu habari za kidude kile, si mke, si mama. Aliamini siri ya watu wawili imeshavuja. Funguo za akiba, ule wa gari na ule wa chuma cha usukani, alimpa mkewe azifiche kabatini chini ya mashuka, na alimpa kwa sharti moja.

"Hizi ni za siku nikifa."

"Na ukiugua tu?" mkewe aliuliza.

"Nikiugua nitapona, nitazichukua mwenyewe."

Mkewe akacheka, akazifunga kwenye kitambaa. Alikuwa mwanamke mwenye subira, na alikuwa ameshamzoea.

Sasa, siku yenyewe. Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na uliporudi asubuhi ile karakana nzima iliamka kama nyumba yenye msiba uliogeuka harusi. Fundi alikimbilia mashine ya randa na rundo la mbao za kitanda cha mteja aliyekuwa amemkalia kooni. Randa ile ikiunguruma husikii hata jina lako. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, chini ya tabaka la vumbi la mbao, ikitetemeka na kunyamaza, ikitetemeka na kunyamaza, na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka na mashine.

Nyumbani kilichotokea ni hiki. Mama yao, anayeishi peke yake ng'ambo ya mji, aliteleza bafuni akaanguka, mguu ukakataa kumbeba. Jirani yake alimpigia Fundi, hakupokelewa. Akampigia mke wa Fundi. Mke naye akampigia mumewe mpaka akachoka, kisha akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akamwita shemeji yake, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo na anakaa mtaa wa pili. Twiga alikuja mbio, kandambili mguuni, shati halijafungwa vifungo.

"Shemeji, teksi hapa mpaka ukaipate, mama yuko chini sakafuni," mke alimwambia, huku anafungua kile kitambaa. "Chukua gari."

Twiga alirudi nyuma hatua moja. "Hilo hapana. Unamjua kaka."

"Namjua. Kaka yako nitamalizana naye mimi. Nenda."

Akaenda. Mke alibaki uani na simu sikioni, akimtafuta mumewe, geti liko wazi na turubai limelala chini.

Fundi alipozima randa kujipangusa jasho, alitoa simu akaikuta imejaa. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe wa kidude: GARI LINATEMBEA. Chini yake: INJINI IMEWASHWA. Na chini yake tena, simu za mkewe ambazo hazikupokelewa, zimepangana kama matofali. Ile ya jirani wa mama ilikuwa imezama huko chini, hakuifikia.

Mshona makochi, mama mtu mzima aliyekuwa anafanya kazi meza ya pili, alimwona akishika ukingo wa mashine.

"Kuna nini, Fundi?"

"Wamelichukua."

"Nani? Nini?"

"Gari! Wameliiba gari uani kwangu! Ona, mke wangu amenipigia mpaka basi."

Na mimi siwezi kumlaumu kwa kuwaza hivyo, huo ndio ukweli. Mke anapiga simu mfululizo, gari linatembea, na mtu pekee mwenye ufunguo mwingine hajui hata kuweka gia. Wewe ungewaza nini? Alimpigia mkewe. Namba inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Hakujua kwamba sekunde ile ile mkewe alikuwa anampigia yeye, na kwamba kila mmoja alikuwa anamzibia mwenzake njia.

Alifungua ramani. Kile kijisisimizi kilikuwa kimeshavuka daraja, kinaelekea njia ya sokoni, upande wa kutokea mjini.

"Mpigie tena mkeo," mshona makochi alisema. Alikuwa ameweka sindano chini. "Au subiri, atapiga yeye. Huenda kuna mgonjwa, watu wameliomba."

"Aliombe nani? Nimewahi kusubiri, mama. Nimewahi kukaa na kikombe cha chai mkononi nikisubiri. Sisubiri tena."

"Dakika moja tu, mwanangu."

"Ndani ya dakika moja wanabadili namba."

Akaandika ZIMA, akatuma. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kabisa, na baadaye hicho ndicho kilichomtesa, kwamba vilikuwa vimetulia. Jibu likaja upesi: AMRI IMETEKELEZWA. Kijisisimizi kikasimama. Kilisimama kando ya mzunguko wa sokoni, na Fundi akapiga paja kwa furaha, maana pale pale, kwenye kona ile, alikuwapo mtu anayemfahamu, mziba pancha aliyekuwa akimjazia upepo kila akipita.

"Wewe! Uko kazini?"

"Niko, Fundi. Kuna kelele hapa, kuna gari linapiga king'ora..."

"Hilo ni langu! Jeupe! Limeibwa sasa hivi nyumbani, nimelizima kwa simu. Mwizi yumo ndani. Asitoke huyo, nakuomba, msimwachie!"

"Ni lako?" Sauti ya mziba pancha ilipanda. Kisha Fundi akamsikia akigeuka, akilitoa neno lile kwa watu walio karibu naye. Mwizi. Likadakwa na mwingine, likapokelewa mbele, likarudi limekuwa kubwa. Fundi aliisikia sauti ya king'ora cha gari lake ikivuma ndani ya simu, akasikia vishindo vya watu wanaokimbia, na nitasema bila kutia chumvi: alifurahi. Alijiona amelipa lile deni la kicheko. Aliwaza hata kupita pale kituoni jioni, awaambie wale askari waje wajifunze kazi.

"Nimemnasa!" aliwaambia wenzake. Wapaka rangi walipiga makofi. Mshona makochi hakupiga.

Simu ikaita tena mkononi mwake. Mkewe.

"Uko wapi wewe mwanaume? Nakupigia mpaka simu inataka kuzima! Mama ameanguka bafuni, hawezi kusimama. Nimempa shemeji gari amkimbilie..."

Fundi aliibana simu sikioni.

"Unanisikia? Najua utagomba, gomba baadaye. Nimempa Twiga gari. Baba watoto? Halo?"

"Umempa nani?"

"Mdogo wako!"

Alikata bila kumjibu, akampigia mziba pancha. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Mtu mwenye mikono yote miwili kazini hapokei simu, na Fundi alielewa hilo akiwa amesimama pale kati ya mbao. Alituma WASHA kwa pupa, akakosea herufi, akatuma tena. Mshona makochi alikuwa ameshatoka barabarani kumsimamishia bodaboda.

Njiani alimwomba dereva aende kasi, dereva akaenda kasi, na bado alikuwa anamgonga mgongoni kwa kiganja kama mtu anayegonga mlango. Alikuwa anasema peke yake. Alikuwa anasema, si mtu wa kupigana yule, atawaeleza, ana mdomo mtamu yule, atawachekesha, watamwachia. Alikumbuka kwamba milango inajifunga, akajipa moyo kwamba hawawezi kumfikia. Kisha akakumbuka kwamba vioo vinavunjika.

Hawakuhitaji kuvunja kioo. Twiga mwenyewe aliteremsha kioo ili azungumze nao, na mikono ikapita hapo ikaifungua milango.

King'ora kilikuwa bado kinalia Fundi alipofika mzungukoni. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, magari yamesimama, wengine wamepanda juu ya mikokoteni ili waone. Mtu mmoja alimtambua, akapaza sauti, "Mwenye gari kafika! Mpisheni mwenye gari!" Na wakampisha. Hicho ndicho kitu cha kutisha kuliko vyote, jinsi walivyompisha kwa adabu. Wengine walimpiga bega wakimpa pole, wengine walimpongeza. Mwanamke mmoja alimwambia Mungu ni mkubwa.

Mziba pancha alikuwa mbele, kifua nje, spana ya kufungulia matairi mkononi, jasho linamtiririka.

"Fundi, mali yako imepona! Kague mwenyewe, hata mkwaruzo hakuna. Niliwaambia wamtoe kwanza, wasije wakakuchafulia viti."

"Yuko wapi?"

"Huyo hapo nyuma. Eti gari la kaka yake! Wote husema hivyo wakibanwa. Nikamwambia kaka yako mwenyewe ndiye kanipigia."

Twiga alikuwa amelala kando ya gurudumu la nyuma, amejikunja. Mtu mrefu akijikunja hivyo anakuwa mdogo sana. Kandambili moja ilikuwa mguuni. Uso wake Fundi aliutambua kwa shida, na siuelezi hapa, kwa sababu mama yake yu hai na sitaki aje asimuliwe.

Fundi alipiga magoti. Alimshika kichwa, akaita jina, lile la nyumbani, ambalo hakuwa amelitamka kwa muda mrefu sana. Watu waliokuwa karibu waliacha kuzungumza. Waliokuwa mbali waliendelea kidogo, kisha nao wakanyamaza, na kikabaki king'ora peke yake.

Jicho moja lilifunguka. "Kaka," Twiga alisema. "Sijaliiba."

"Najua. Najua, mdogo wangu. Najua."

"Mama..."

"Tunamfuata. Usiseme. Nibebeeni! Nyie mnaangalia nini, nibebeeni huyu ni ndugu yangu!"

Kundi lilianza kupungua kwa pembeni. Hakuna aliyekimbia. Waliondoka tu kama watu waliokumbuka wana shughuli. Mziba pancha alisimama mdomo wazi, spana ikining'inia, akatazama mikono yake, akatazama uso wa Fundi, kisha akaingia kwenye kibanda chake akajifungia. Waliobaki kusaidia walikuwa mama mmoja muuza nyanya na yule dereva wa bodaboda. Wao wawili na Fundi walimwinua Twiga wakamlaza kiti cha nyuma, miguu ikawa mirefu mno, muuza nyanya akalazimika kuikunja ili mlango ufungike, naye akaingia akakipakata kichwa.

Fundi alizungusha ufunguo. Gari likabaki kimya. Akazungusha tena.

WASHA ya kwanza ilikuwa na makosa. Ya pili haikuwa imekifikia kidude. Alitazama simu: AMRI IMEPOKELEWA, TAFADHALI SUBIRI. Akatuma nyingine. TAFADHALI SUBIRI. Mtandao wa pale sokoni, saa za watu wengi, ulikuwa unakwenda kwa kujivuta. Alipiga usukani kwa ngumi, akatukana, akaomba radhi, akasali kwa sauti, na king'ora kilikuwa kinalia juu ya vichwa vyao wote watatu. Alikuwa amelipatia gari lile kila ulinzi unaouzwa, na sasa lilikuwa limemlinda hata dhidi yake mwenyewe.

"Anapumua vibaya huyu," muuza nyanya alisema.

"Subiri. Subiri kidogo, mdogo wangu. Inakuja."

Ilikuja. King'ora kilinyamaza ghafla, injini ikashika mara moja, na Fundi aliendesha mpaka hospitali vile ambavyo Twiga alikuwa amemfundisha, bila kugusa breki ovyo, macho mbali. Muuza nyanya hakusema kitu tena njia nzima. Walipofika mapokezi na wauguzi wakafungua mlango wa nyuma, Fundi alimwona yule mama ameshavua mtandio wake na kumfunika nao Twiga mpaka juu ya nywele.

Daktari aliuliza nani ndugu. Fundi akasema ni yeye. Akaulizwa nini kimempata marehemu. Akasema amepigwa. Akaulizwa na nani. Pale akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, na muuguzi akamletea maji, akidhani hajasikia swali.

Mkewe ndiye aliyemkuta pale. Alikuwa amepata teksi mwishowe, akamfuata mama, akamleta hospitali hiyo hiyo kwa kuwa hakuna nyingine karibu. Alikuja akihema, tayari kwa ugomvi, akaona shati la mumewe. Fundi alimweleza. Alimweleza yote, kidude, ujumbe, simu kwa mziba pancha, maneno aliyoyatumia, kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Mkewe alisikiliza amesimama. Mwisho aliweka mkono mdomoni, akaondoka akasimama dirishani, akampa mgongo. Hakumtukana. Fundi alitamani sana amtukane.

"Mama anajua?" Fundi aliuliza.

"Hajui kitu. Yuko kule wanakopiga picha za mifupa." Mkewe hakugeuka. "Mwambie wewe. Mimi siwezi kukufanyia na hilo."

Mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenye ujia, akisubiri zamu, mguu umefungwa vibao viwili. Alikuwa mdogo, mweupe kichwani, na maumivu yalikuwa yamempausha midomo, lakini alipomwona mwanawe mkubwa uso ulifunguka kama wa mtu anayekwenda sherehe. Shati la Fundi muuguzi alikuwa amelifunika kwa koti la hospitali.

"Umekuja," mama alisema. "Mwenzako yuko wapi? Bado anatafuta pa kuegesha?"

Fundi alishika chuma cha kitanda.

"Alinipigia akiwa anatoka kwako," mama aliendelea. "Nikamwambia, mwanangu, niache hapa hapa chini, usiguse gari la kaka yako, mtagombana tena. Akacheka. Unakijua kicheko chake. Akaniambia, mama, tulia, kaka mwenyewe ndiye kaniita, kanipa ufunguo kwa mkono wake, kasema yamekwisha." Mama alifuta machozi kwa kiganja. "Mguu nikausahau. Nimelala sakafuni na maji yananilowesha, nalia kwa furaha. Yule jirani alidhani nimerukwa na akili. Ni kweli ulimpa?"

Ujia ulikuwa na watu wengi, wengine na bandeji, wengine na watoto mgongoni, na hakuna aliyekuwa anawatazama. Fundi aliona njia mbili tu, na zote mbili zilikuwa zinaishia mahali pamoja.

"Nilimpa, mama," alisema.

"Mungu akubariki." Alimshika mkono, akaubana kwa nguvu ambazo Fundi hakutegemea kwa mtu aliyeanguka. "Sasa nenda kamwite. Nataka mje mkae hapa wote wawili, huyu huku, huyu huku, niwaone kabla hawajaniingiza mle ndani."

Fundi hakuondoka. Mama alimwambia tena, nenda mwanangu, kamwite, na akamwachia mkono ili aweze kwenda.